Saa mbili kila wiki au siku moja kwa mwaka? Njia za kujitolea zikipimwa pamoja

Wiki hii watu wawili wameniuliza swali moja. Wa kwanza ni binti wa miaka 17, bado yuko shule, na siku yake huru ni Jumamosi tu: "Dada, nataka kujitolea. Nianzie wapi?" Wa pili ni kijana aliyemaliza chuo na anasubiri ajira. Siku zote saba ni zake, lakini mfukoni hana kitu. Naye aliuliza hivyo hivyo, akaongeza, "Ila iwe kazi ya kueleweka, siyo kupiga picha na ufagio."

Kawaida swali hili hujibiwa kwa orodha: fanyeni usafi, pandeni miti, tembeleeni wazee, changieni damu. Orodha si mbaya, ila haimsaidii mtu kuchagua, maana inazitia kazi zote kapu moja kana kwamba zinadai kitu kilekile. Niliwahi kushika daftari la watu wa kujitolea katika kikundi cha kuwasaidia watoto kusoma. Siku ya kwanza majina yalijaa kurasa mbili. Mwezi wa pili tulibaki wanne, na watoto walikuwa walewale. Waliopotea hawakuwa watu wabaya. Walikuja na nguvu ya soda, na wengi wao wangetufaa sana kwenye kazi ya siku moja. Kosa lilikuwa letu tuliowaandika bila kuwauliza chochote.

Tangu hapo nikilinganisha huanza na swali ambalo sijawahi kuliona kwenye fomu ya kujiandikisha: usipokwenda, nani atakaa akikungoja? Kuna kazi ambazo usipotokea, mwenzako atachukua kiroba chako na hakuna atakayegundua. Kuna nyingine ambazo usipotokea, yupo mtu mmoja aliyevaa na kujitayarisha, amekaa anatazama mlango. Hizi za pili ni tamu zaidi na zinaumiza zaidi, na si za kila mtu wala za kila msimu wa maisha. Umri, nauli, mafunzo na hatari huja baada ya hapo.

Usafi wa siku moja, au mahali pamoja pa kutunza

Hakuna mlango rahisi kuingia kama usafi. Huhitaji mafunzo wala barua ya utambulisho, na hata mtoto wa miaka kumi anaweza kuja na mkubwa wake. Wapo wanaoudharau kwa sababu taka zitarudi kesho. Mimi siudharau. Tarehe 3 Mei 2008 nchini Estonia watu wapatao 50,000 walitoka siku moja wakazoa tani zipatazo 10,000 za taka zilizotupwa ovyo, na vuguvugu la usafi lililosambaa duniani baadaye lilianzia hapo. Desemba 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitenga tarehe 20 Septemba kuwa siku ya usafi duniani. Kwangu mimi lakini somo la Estonia liko kwenye maandalizi. Kabla ya siku yenyewe, watu wa kujitolea walizunguka wakitafuta marundo na kuyaweka kwenye ramani, maelfu kwa maelfu, ili kila kundi lijue linakwenda wapi na gari gani litapita kubeba. Watu wengi bila ramani hukanyagana mahali palepale, na mifuko iliyojaa hubaki barabarani hadi mbwa waipasue.

Jambo la pili ni kuhesabu. Usafi wa fukwe unaofanyika kila mwaka katika nchi nyingi ulianzia Texas mwaka 1986, na waanzilishi wake hawakuridhika kuokota tu. Walitaka kila kitu kiandikwe: chupa ngapi, kamba ngapi, vifuniko vingapi. Kwa takwimu hizo ndipo ilipojulikana kwamba kwa miaka mingi kitu kilichookotwa kwa wingi kuliko vyote kilikuwa vichungi vya sigara, ambavyo watu hudhani ni karatasi ilhali ni aina ya plastiki. Sisi tulijaribu kwa udogo wetu, kipande cha karatasi na penseli, mtu mmoja anaita na mwingine anachora vijiti. Mara ya tatu tukaona vifuniko na mifuko myepesi vinajaa upande mmoja tu wa uwanja. Kumbe kulikuwa na pipa lisilo na mfuniko, na upepo ukivuma linatema. Mfuniko ulipopatikana, nusu ya kazi yetu iliisha. Bila vile vijiti tungekuwa tunaokota hadi leo, na tunajipongeza.

Kupanda miti kunaingia hapahapa, kwa masikitiko. Siku ya kupanda huja umati, lakini siku ya kumwagilia huja mtu mmoja na ndoo. Mche uliotiwa ardhini bila mwenyewe hufa kiangazi cha kwanza, na mwakani watu watapanda shimo lilelile tena na kupiga picha ileile. Kama una siku moja tu kwa mwaka, nenda kwenye usafi. Kama unakaa jirani na miche na unaweza kupita pale mara mbili kwa wiki, usihangaike na siku ya kupanda. Omba upewe miche ishirini ya kulea, ya kwako kabisa. Kazi hiyo haigombewi, na ndiyo inayozaa mti.

Tahadhari moja kwa wazoa taka: glovu nene na viatu vya kufunika vidole. Ukiona sindano usiiguse. Mwite kiongozi mwenye koleo na chombo kigumu. Na kiroba usikikandamize kwa mguu au mkono ili kiingize zaidi, maana huko ndani huwezi kujua kuna kigae gani.

Mtoto anayesoma, mzee anayengoja

Kazi hizi mbili huwekwa mbali kwenye orodha, lakini kwa kipimo changu ni pacha. Zote zinakufunga kwa mtu mmoja, na zote hazina thamani ya siku moja. Kumtembelea mzee mara moja na kundi la watu thelathini wenye fulana zinazofanana ni ugeni, siyo msaada. Mzee hujua tofauti hata kama atacheka na kila mmoja.

Nianze na mtoto. Vijana wengi hudhani kumsaidia mtoto kusoma kunahitaji uwe mwalimu, kwa hiyo wanaogopa. Mwalimu ana watoto wengi darasani, na asichoweza kupata ni dakika kumi za kukaa na mmoja tu. Hizo dakika kumi ndizo unazoleta wewe. Nilikuwa na mtoto wa miaka tisa aliyejulikana kuwa anasoma vizuri. Siku moja, bila kupanga, nilifunika picha kwa kiganja. Akanyamaza. Kumbe alikuwa amekariri hadithi nzima akitazama picha, na maneno hayajui. Darasani jambo hilo lilikuwa limepita miaka miwili. Tulirudi kwenye silabi, ukurasa mmoja kwa wiki, ukurasa uleule hadi ausome bila kusita, na ndipo tuende mwingine. Huo ndio ufundi wote niliotumia: kurudia, kuvumilia ukimya wake bila kumwahi kulitaja neno, na kurudi Jumamosi inayofuata.

Kurudi ndiko kugumu. Mtoto uliyemzoesha kisha ukatoweka hajui habari za mitihani yako. Anajua umeacha kuja. Ndiyo maana namwambia anayetaka kazi hii ahesabu wiki kabla ya kuahidi. Wiki nane zenye mwisho unaojulikana, ambazo mtoto ameambiwa tangu mwanzo, ni bora kuliko "nitakuwa nakuja kuja".

Kuna sheria ambazo kikundi chochote cha heshima kitakupa, na kisipokupa, kiogope: usikae na mtoto peke yenu mahali pasipoonekana, usimpige picha bila ruhusa ya mzazi au mlezi, usimpe zawadi kwa siri, na usiombe namba yake wala kumtumia ujumbe binafsi. Sheria hizi zinamlinda yeye kwanza na wewe pia. Kikundi kinachokupokea leo na kesho kukukabidhi watoto, bila kuuliza wewe ni nani wala kutaka mtu wa kukudhamini, kinapokea kila mtu kwa namna hiyohiyo. Fikiria maana yake.

Kwa mzee mambo ni mengine kidogo. Mtoto ana kitu cha kufikia, na mwisho wa muhula utaona amevuka. Mzee mara nyingi hana anakofika nawe. Mazungumzo ni yaleyale, kisa ni kilekile cha mara ya sita, na utamu wake ni kwamba kuna aliyekaa kukisikiliza. Wenye haraka ya kuona matokeo hukata tamaa mapema, na si kosa lao. Waende kwa watoto. Wenye masikio ndio wa kukaa na wazee.

Ukiwa na mzee msaada wa vitendo upo tele: kumsomea barua ya hospitali kwa sauti, kuandika kwa herufi kubwa saa za dawa, kumkuzia maandishi kwenye simu. La simu linahitaji uangalifu. Nilikuwa nimekaa na bibi mmoja tukijifunza kutuma pesa, akanipa simu na namba ya siri akaitaja papo hapo, tena kwa sauti. Nikairudisha simu mikononi mwake. "Bibi, hiyo namba usiniambie hata mimi." Akashangaa, "Kwani wewe si mjukuu wangu?" Tukachukua karibu saa nzima kufanya kazi ya dakika mbili, kidole chake kikitetemeka juu ya vitufe, mimi nikitazama ukutani kila alipofika kwenye namba ya siri. Ukishamfanyia, atakutegemea wewe au mwingine yeyote atakayejiita mjukuu. Akishafanya mwenyewe, amekuwa salama kidogo.

Kwa hiyo kati ya hizi mbili, chagua kwa tabia yako, usichague kwa huruma. Huruma wote tunayo, na mwezi wa pili haisaidii.

Damu, au mikono inayojua huduma ya kwanza

Nimezilinganisha hizi kwa sababu zote zinaokoa maisha waziwazi, ila kwa njia zilizo kinyume. Moja inataka mwili wako kwa muda mfupi na haikudai ujue chochote. Nyingine inataka ujifunze, kisha labda usiitumie kwa miaka.

Kuchangia damu ni kazi ya saa moja hivi ukihesabu fomu, kupimwa wingi wa damu na shinikizo, kutoa kwenyewe na kupumzika kidogo. Huchukuliwa mililita zipatazo 450. Masharti ya kawaida ni kuanzia miaka 18 na uzito usiopungua kilo 50, ingawa nchi kadhaa huwapokea wa miaka 16 na 17 kwa idhini ya mzazi. Ukishatoa, Shirika la Afya Duniani linashauri mwanamume apumzike wiki 12 na mwanamke wiki 16 kabla ya kutoa tena. Chupa moja ikitenganishwa inaweza kuwafaa hadi watu watatu, kwa kuwa mmoja anahitaji chembe nyekundu, mwingine plazma, mwingine chembe za kugandisha damu.

Hapa ndipo ratiba inapokuwa na uzito kuliko moyo. Chembe nyekundu zikihifadhiwa hudumu hadi siku 42 tu, na zile za kugandisha damu kwa kawaida siku tano hadi saba. Benki ya damu haiwezi kuweka akiba ya mwaka. Kwa hiyo umati unaojitokeza siku ya wachangiaji damu duniani, tarehe 14 Juni, ambayo ni siku ya kuzaliwa ya Karl Landsteiner aliyegundua makundi ya damu, ni jambo zuri, lakini nchi yenye damu ya Juni pekee itaishiwa Agosti. Shule na vyuo vikifungwa wachangiaji hupungua, maana wanafunzi ni sehemu kubwa yao mahali pengi. Ukitaka kuwa wa maana kweli, weka kwenye kalenda miezi yako ambayo hakuna kampeni. Hakuna atakayekupigia makofi. Yupo anayekungoja, ila hamtaonana.

Jambo moja zito: usiende kuchangia ili upimwe virusi vya UKIMWI bure. Damu hupimwa kweli, pamoja na homa ya ini B na C na kaswende, lakini mtu akiwa ameambukizwa siku chache tu zilizopita kipimo kinaweza kisione kitu, na damu ikaenda kwa mgonjwa. Kama una shaka, nenda kituo cha kupima. Na maswali ya fomu yajibu kwa ukweli hata kama muuguzi ni jirani yenu.

Huduma ya kwanza ndiyo ninayompendekezea karibu kila kijana, hata yule asiye na mpango wa kujitolea popote. Moyo ukisimama, ubongo huanza kuumia ndani ya dakika chache, na gari la wagonjwa mara nyingi huwa halijafika. Aliye karibu ndiye daktari wa wakati huo. Kwa mtu mzima kifua hukandamizwa katikati, kwa kina cha sentimeta 5 hadi 6, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kifua kiachwe kirudi juu kabisa kabla ya kukandamizwa tena. Ukisoma hivi unaona ni rahisi. Siku ya mafunzo nilipiga magoti mbele ya sanamu, nikaanza kwa mbwembwe, na dakika ya pili mikono ilikuwa inatetemeka, mkufunzi anasema, "Hujafika, sukuma." Ndipo nilipoelewa kwa nini wanafundisha kupokezana. Hilo huwezi kulipata kwenye video.

Mafunzo haya kwa vijana hutolewa sana na vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu, ambavyo vipo karibu kila nchi. Chimbuko la vyama hivi lina funzo kwa anayesema "mimi sina utaalamu". Juni 1859 Henry Dunant, mfanyabiashara wa Uswisi mwenye miaka 31, alifika karibu na Solferino, kaskazini mwa Italia, na kukuta maelfu ya majeruhi wa vita wamelala bila msaada. Hakuwa daktari. Aliwakusanya watu wa mji wa jirani, wengi wao wanawake, wakaleta maji na vitambaa na kuwahudumia majeruhi wa pande zote bila kuuliza walipigania nani. Mwaka 1863 ikaundwa Geneva kamati iliyokuja kuwa Msalaba Mwekundu, na hadi leo kujitolea ni mojawapo ya misingi yake saba.

Ukiwa chini ya miaka 18, jibu kwa sehemu nyingi ni huduma ya kwanza sasa na damu baadaye. Ukiwa umevuka hapo, huhitaji kuchagua. Damu ni mara tatu au nne kwa mwaka, na mafunzo ni siku chache. Zinakaa pamoja bila kugombana.

Kujitolea ukiwa umekaa

Kuna wanaoona kazi ya mtandaoni ni ya wavivu. Januari 2010 tetemeko lilipoipiga Haiti, ramani za mji mkuu zilizopatikana bure zilikuwa na matundu makubwa. Watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali walifungua OpenStreetMap, ramani huru iliyoanzishwa mwaka 2004, wakachora mitaa kutoka kwenye picha za setelaiti kwa siku chache tu, na waokoaji wakaitumia. Mwaka huohuo kikundi cha wachoraji hao kikawa shirika, Humanitarian OpenStreetMap Team, na mwaka 2014 ukaanza mradi wa Missing Maps wa kuchora maeneo yaliyo hatarini kabla maafa hayajatokea.

Kazi yenyewe ni ya kuchosha kwa namna nzuri. Unafungua kipande cha picha, unazungusha mstari kwenye kila paa, unabonyeza Q ili pembe zinyooke, unakwenda paa linalofuata. Kosa la wageni ni kuchora kivuli pamoja na paa, nyumba ikawa kubwa kuliko ilivyo. Mtu mzoefu hupitia kazi yako na kukuachia ujumbe. Ukipokea ujumbe huo bila kununa, baada ya mwezi unakuwa wewe ndiye unayekagua wengine.

Ukilinganisha na Wikipedia ya Kiswahili, iliyopo tangu 2003, tofauti ni aina ya uvumilivu. Ramani inataka jicho. Wikipedia inataka usome vyanzo, uandike kwa Kiswahili kinachosomeka, na ukubali mgeni akufute sentensi uliyoipenda. Kwa kijana anayependa lugha, makala moja nzuri kuhusu ugonjwa au mmea itasomwa na wanafunzi asiowajua kwa miaka. Usitafsiri kwa mashine na kubandika. Uchafu huo huwachukua wengine muda mrefu kuusafisha kuliko uliouchukua wewe kuumwaga.

Programu ya Be My Eyes, iliyoanza 2015, naipenda kwa jinsi ilivyolitatua lile swali langu la nani anangoja. Asiyeona anapiga simu ya video, simu inaita kwa watu kadhaa kwa pamoja, na wa kwanza kupokea ndiye anayesaidia: kusoma tarehe kwenye kopo, kutofautisha soksi nyeusi na ya bluu. Ukiwa darasani usipopokea, mwingine atapokea. Ni kazi ya mtu kwa mtu lakini isiyokufunga, na kazi za namna hiyo ni chache sana.

Gharama ya mtandaoni ni bando na umeme, na gharama nyingine isiyosemwa: upweke. Hakuna wa kucheka naye baada ya kazi. Kijana aliye nyumbani siku zote akisubiri ajira, kama yule wangu, asiifanye hii kuwa kazi yake ya pekee. Anahitaji watu.

Ofisini kwa ajili ya uzoefu

Hapa nitasema wazi kwa sababu nimeumia. Niliwahi "kujitolea" katika shirika moja kwa miezi minane. Nilifika kabla ya wenye mishahara na kuondoka baada yao, niliandika ripoti zilizotumwa kwa wafadhili, na kila nilipouliza kuhusu mkataba niliambiwa nivumilie kidogo. Nilipoondoka walichukua mwingine, naye akaambiwa avumilie kidogo. Ile ilikuwa ajira isiyolipwa iliyovikwa jina zuri.

Haimaanishi mlango huu ni mbaya. Kwa aliyemaliza chuo unaweza kumpa wadhamini, ujuzi na watu wa kumkumbuka nafasi ikitokea. Ila ulizia mapema, kwa maandishi: muda ni miezi mingapi, msimamizi ni nani, nauli inarudishwa, nikiumia kazini itakuwaje, na mwisho napata cheti au barua inayosema nilifanya nini hasa. "Alikuwa nasi" haitoshi. Miezi mitatu inatosha kujifunza na kuonekana. Ikifika sita huku unafanya kazi ya mtu mwenye mshahara, wanakutumia.

Ukitaka kuona mfumo uliopangwa ulivyo, tazama mpango wa watu wa kujitolea wa Umoja wa Mataifa, ulioundwa mwaka 1970. Una nafasi za vijana wa miaka 18 hadi 26, na wanaokwenda vituoni hupewa posho ya kujikimu na bima. Ushindani ni mkali. Upande wake wa mtandaoni, uliopo tangu mwaka 2000, hauna posho lakini nao huanzia miaka 18, na kazi zina mwanzo na mwisho unaojulikana: kutafsiri, kuchora, kuhariri.

Zile safari za kulipia za kwenda nchi nyingine kujitolea wiki mbili sizipendekezi, na za vituo vya watoto yatima hata kidogo. Watoto wengi kwenye vituo hivyo wana mzazi aliye hai, na wageni wanaopishana kila baada ya siku chache huwafundisha watoto kuachwa. Mwaka 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizitaka nchi zishughulikie madhara yanayotokana na programu za kujitolea vituoni humo. Nauli hiyo tu ingemlipa mlezi wa kudumu kwa muda mrefu.

Nilichowajibu wale wawili

Binti wa Jumamosi nilimwambia achague mtoto mmoja wa kusoma naye hadi wiki mbili kabla ya mitihani yake, amwambie mtoto tarehe hiyo tangu siku ya kwanza, na likizo ajifunze huduma ya kwanza. Damu itamsubiri hadi atimize miaka 18. Alitaka pia kupanda miti na kuwatembelea wazee. Nilimwomba aache. Atanilaumu baadaye.

Kijana wa chuo nilimpa mambo mawili ya kushika pamoja: miche ishirini karibu na kwao, isiyodai nauli, na nafasi ya ofisini ya miezi mitatu yenye maandishi. Akinyimwa maandishi, aende Msalaba Mwekundu au Hilali Nyekundu, huko atapata mafunzo na watu wa rika lake. Bando likiwepo, jioni achore mapaa.

Wote wawili niliwatumia ujumbe huu wa kunakili, wajaze wenyewe:

"Habari za kazi. Naitwa ______, nina miaka ______. Ningependa kujitolea kwenu siku ya ______, kuanzia saa ______ hadi saa ______, mpaka tarehe ______. Ninaweza ______. Sijawahi ______, ila niko tayari kujifunza. Nani nitakuwa chini yake, na kuna mafunzo gani kabla ya kuanza?"

Yule kijana alinirudishia swali: wasipojibu? Nikamwambia asubiri wiki moja kisha apige simu au aende mwenyewe asubuhi. Mara nyingi anayeshika daftari la wanaojitolea naye anajitolea, na huusoma ujumbe akishatoka kazini, usiku, macho yamechoka.